Kompyuta Inayotazama Jicho: Yafaa Ipimwe Wapi?

Kila mwanafunzi wa fizikia ajua kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Lakini kauli hiyo ni kweli pale tu kanieneo ya hewa inapokuwa ile ya usawa wa bahari. Mlimani maji huchemka kwa joto pungufu. Hapana budi, basi, kutaja hali ya jaribio kila tutajapo matokeo yake. Kanuni hiyo yaihusu pia kompyuta iliyofunzwa kutambua maradhi katika picha.

Kisukari huweza kuharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, na mgonjwa asiyetibiwa mapema huweza kupofuka. Mwaka 2016 watafiti wa Google walionyesha kwamba programu yao yaweza kugundua dalili hizo kwa usahihi unaolingana na ule wa madaktari wa macho. Kati ya mwaka 2018 na 2019 programu ya namna hiyo ilichunguzwa ikitumika katika zahanati 11 nchini Thailand. Humo mambo yalikuwa mengine. Mboni ya jicho hupanuka gizani, na kamera huhitaji mboni iliyopanuka. Lakini zahanati nyingi hazikuwa na chumba cha giza. Kati ya picha 1,838, asilimia 21 zilikataliwa na programu kwa kutofikia ubora uliotakiwa. Aidha, intaneti ilikuwa ya polepole, na wagonjwa wakangoja. Programu ilikuwa ile ile; kilichobadilika ni mazingira.

Hata pale picha zinapokuwa safi, idadi ya wagonjwa hubadili maana ya jibu. Tuchukue mfano wa kubuni. Chombo hutambua wagonjwa 90 katika kila wagonjwa 100, na huwaita wazima kwa haki watu 90 katika kila wazima 100. Katika hospitali ya rufaa, kati ya watu 1,000 wagonjwa ni 300. Chombo kitaonya watu 270 kwa haki na 70 kwa makosa. Yaani kati ya walioonywa, asilimia 79 ni wagonjwa kweli. Kijijini, kati ya watu 1,000 wagonjwa ni 20. Chombo kitaonya 18 kwa haki na 98 kwa makosa: asilimia 16 tu. Watu 98 watatafuta nauli ya kwenda mjini bure, ilhali wagonjwa 2 watarudi nyumbani wakidhani ni wazima.

Kwa hiyo tusiulize tu, “Chombo hiki ni sahihi kiasi gani?” Tuulize pia: kilipimwa wapi, kwa watu gani, kwa mwanga gani, na anayeonywa atatibiwa wapi?

Zoezi: Rudia hesabu hiyo kwa kijiji chenye wagonjwa 100 kati ya watu 1,000. Eleza kwa nini jibu lako limetofautiana na yale mawili ya juu.