Mashine Hubadilika, Vipimo Hubaki: Somo la Uandishi wa Programu za Mashine za CNC

Mara nyingi kiwanda hakisimami kwa kukosa mashine kubwa, bali kwa kukosa kipande kidogo cha chuma. Jiji la Dar es Salaam lina uzoefu wa kutosha wa jambo hili. Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968, na Reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976. Hivyo, pamoja na viwanda vya kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, vilihitaji kila siku gia, bushi, shafti na vipuri vingine. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipokuwa haba, ilidhihirika kwamba nchi isiyoweza kuchonga kipuri chake yenyewe hulazimika kukingoja. Ndiyo maana fani ya kuchonga vyuma ni msingi wa viwanda vyote, na ndiyo maana mabadiliko yanayotokea katika fani hiyo yanastahili kueleweka shuleni.

Badiliko kubwa kuliko yote ni kuingia kwa mashine za CNC. Herufi hizo ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya kuongoza mashine kwa tarakimu kupitia kompyuta.

Kutoka mkono hadi tarakimu

Katika karakana nyingi ndogo za Temeke na Kinondoni fundi bado hukereza kwa mashine ya mkono. Hufunga chuma katika taya za mashine, chuma kikazunguka, naye huzungusha gurudumu dogo ili kusogeza kisu. Jicho lake husoma kipimo, sikio lake husikiliza mlio wa chuma kinachokatwa, na mkono wake hupunguza au kuongeza mwendo. Katika mashine ya CNC gurudumu hilo huzungushwa na mota, na mota hupokea amri kutoka katika kompyuta iitwayo kidhibiti. Kidhibiti hakina jicho wala sikio la fundi. Kwa kawaida hutekeleza kile kilichoandikwa tu, kiwe sahihi au kiwe kosa.

Asili ya mashine hizi ni Marekani. Katika miaka ya 1940 John T. Parsons, aliyeongoza kiwanda huko Michigan, alikabiliwa na kazi ya kutengeneza mapanga ya helikopta, ambayo umbo lake ni gumu kupimwa kwa mkono. Alitumia hesabu kutafuta nukta nyingi za umbo hilo, kisha kisu kikapelekwa nukta baada ya nukta. Mwaka 1952 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kilionyesha mashine ya kuchongea iliyoongozwa kwa utepe wenye matundu. Katika miaka ya 1970 kompyuta ndogo ziliunganishwa na mashine zenyewe, na mwaka 1982 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni ya lugha ya amri hizo, iitwayo ISO 6983.

Lugha ya mashine

Mwanafunzi aliyejifunza grafu katika hisabati amekwisha kujua nusu ya lugha hii. Kila mahali katika mashine hutajwa kwa umbali wake kutoka katika sifuri: X kwa upande mmoja, Y kwa upande wa pili, na Z kwa juu na chini. Kisha hufuata maneno machache ya amri:

G00: nenda upesi bila kukata.
G01: kata kwa mstari ulionyooka.
G02: kata kwa tao, kufuata mwendo wa akrabu za saa.
G03: kata kwa tao, kinyume cha akrabu za saa.
F: kasi ya kusogea kwa kisu.
S: idadi ya mizunguko kwa dakika.
M03: anza kuzunguka.
M30: mwisho wa programu.

Chukua mfano wa bamba lenye urefu wa milimita 60 na upana wa milimita 40, ambalo kona yake moja imeviringwa kwa nusukipenyo cha milimita 10. Mzunguko wake huandikwa hivi, mwendo wa Z ukiwa umeachwa ili mfano uwe rahisi:

G21 G90
S800 M03
G00 X0.0 Y0.0
G01 X60.0 Y0.0 F160
G01 X60.0 Y30.0
G03 X50.0 Y40.0 I-10.0 J0.0
G01 X0.0 Y40.0
G01 X0.0 Y0.0
M30

G21 husema kwamba kizio ni milimita, na G90 husema kwamba kila kipimo kinahesabiwa kutoka katika sifuri ileile. Herufi I na J hueleza mahali pa kitovu cha tao kutoka pale tao linapoanzia.

Programu hii imeeleza njia ya kitovu cha kisu. Iwapo kisu kina kipenyo cha milimita 10, kitakula milimita 5 ndani ya kila upande, na bamba litatoka na milimita 50 kwa 30 badala ya 60 kwa 40. Kwa hiyo hapana budi kisu kisogezwe nje kwa nusukipenyo chake. Amri za G41 na G42 hufanya kazi hiyo: ya kwanza hukiweka kisu kushoto mwa mstari, ya pili kulia kwake.

Kasi hupatikanaje?

Tarakimu za S na F hazibahatishwi. Kila metali, pamoja na kila aina ya kisu, ina kasi ya kukata inayoifaa. Idadi ya mizunguko hupatikana kwa kanuni hii:

n = (1000 × v) ÷ (π × d)

Hapa n ni mizunguko kwa dakika, v ni kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, na d ni kipenyo cha kisu kwa milimita. Kwa feleji laini na kisu cha feleji ya kasi, v yaweza kuchukuliwa kuwa 25. Kisu kikiwa na kipenyo cha milimita 10, n ni 25,000 ÷ 31.4, yaani karibu mizunguko 800. Kisu kikiwa na meno manne, na kila jino likikata milimita 0.05, kasi ya kusogea ni 800 × 4 × 0.05, yaani milimita 160 kwa dakika. Hizo ndizo S800 na F160 zilizoandikwa katika mfano.

Anayezidisha kasi hukichoma kisu. Anayepunguza mno kusogea hukifanya kisugue badala ya kukata, nacho hupoteza makali.

Programu mpya na mitego yake

Siku hizi ni nadra kwa fundi kuandika kila mstari wa kazi ngumu kwa mkono. Huchora kipande katika kompyuta, huchagua kisu na namna ya kukata, kisha programu ya kompyuta humtengenezea mistari, ambayo huweza kufika maelfu. Programu za namna hii ni nyingi, nazo hubadilishwa mara kwa mara. Fundi anayehamia kiwanda kingine aweza kukuta skrini asiyoitambua, vitufe vilivyopangwa upya na majina mapya.

Hapo ndipo hutofautiana fundi aliyekariri vitufe na fundi aliyeelewa kazi. Wa kwanza huanza upya kila mara. Wa pili hujua kwamba kila programu, ya zamani au mpya, haina budi kumwuliza maswali matano yaleyale: Sifuri iko wapi? Kizio ni kipi? Kisu ni kipi, na kipenyo chake ni kiasi gani? Kasi ni zipi? Kisu kitaingia na kutoka kwa njia ipi? Kujifunza programu mpya ni kutafuta mahali ilikoyaweka maswali hayo.

Aidha, kati ya mchoro na mashine kuna kitafsiri, yaani sehemu ya programu inayogeuza njia ya kisu kuwa maneno ya kidhibiti fulani. Vidhibiti vina lahaja zao, na kitafsiri kisicholingana na kidhibiti huleta hasara. Mifano mitatu yatosha.

Kwanza, neno G71. Katika vidhibiti vya Siemens neno hilo hutangaza kwamba kizio ni milimita. Katika mashine nyingi za kukerezea zenye kidhibiti cha Fanuc, neno hilohilo huamuru duru nzima ya kupunguza chuma.

Pili, nukta ya desimali. Vipo vidhibiti ambavyo, kulingana na vilivyopangwa, husoma X60.0 kuwa milimita 60, lakini X60 isiyo na nukta huisoma kuwa sehemu 60 za elfu za milimita. Nukta moja ikisahauliwa, kisu huenda mahali kisipotarajiwa.

Tatu, kipenyo na nusukipenyo. Katika mashine za kukerezea, X kwa kawaida hutaja kipenyo. Kidhibiti kikipangwa kusoma nusukipenyo, X20.0 itatoa shafti ya milimita 40.

Makosa ya namna hii huvunja kisu, huharibu kipande cha thamani, na kisu kikiruka huweza kumjeruhi mtu. Kwa sababu hiyo programu mpya haiaminiwi mara moja. Kwanza hutazamwa katika skrini. Kisha huendeshwa hewani, kisu kikiwa juu ya chuma. Kisha mstari mmoja mmoja, mkono ukiwa karibu na kitufe cha kusimamisha. Na kipande cha kwanza hupimwa kabla ya cha pili kuanzwa. Umeme ukikatika kazini, mashine haiwashwi na kuendelezwa ilipoishia. Kisu hutolewa katika chuma kwa uangalifu, mahali pa sifuri huthibitishwa, ndipo kazi huanzwa tena kutoka mstari ulio salama.

Somo hili darasani

Shule isiyo na mashine ya CNC haikosi njia ya kufundisha. Karatasi ya grafu, rula na bikari zatosha. Mwanafunzi mmoja aandike programu, na mwenziwe awe mashine: atekeleze kila mstari kwa penseli bila kuuliza wala kusahihisha. Umbo likitoka kombo, darasa litafute mstari wenye kosa. Penye kompyuta, programu ya FreeCAD hupatikana bila malipo kwa kuchora na kutengeneza njia za kisu, na LinuxCNC huweza kuigiza mwendo wa mashine. Anayetaka kuendelea yafaa apitie kwanza tupa, jiliwa na mashine ya mkono, kama wafanyavyo wanafunzi wa ufundi mitambo, kwa maana mtu asiyewahi kuhisi chuma kikikataa kisu atapata shida kutambua kosa lililofichika katika tarakimu.

Zoezi

1. Tafuta idadi ya mizunguko kwa kisu cha kipenyo cha milimita 16, v ikiwa 25.
2. Kokotoa urefu wa njia ya penseli katika mfano wa bamba, na muda wake kwa kasi ya F160.
3. Badilisha programu ili kona zote mbili zenye Y40.0 ziviringwe kwa nusukipenyo cha milimita 10.
4. Bamba linachongwa nje kwa kufuata njia ya mfano, kinyume cha akrabu za saa. Je, itumike G41 au G42? Eleza sababu.

Majibu

1. Karibu mizunguko 498 kwa dakika.
2. Karibu milimita 195.7, karibu sekunde 73.
3. Mstari wa G01 X0.0 Y40.0 uondolewe, na mahali pake iandikwe G01 X10.0 Y40.0, kisha G03 X0.0 Y30.0 I0.0 J-10.0.
4. G42, kwa kuwa bamba liko kushoto mwa mwendo na kisu kinatakiwa kuwa kulia.