Dosari, Kiraka na Ufifi: Istilahi za Ukarabati wa Violezo vya Fotolitografia kwa Kuzingatia Msamiati wa Bariadi

1.0 Utangulizi

Saketi za nusukipitishi huchapwa kwa mwanga. Mwanga hupita katika bamba la kwatsi lenye utando mwembamba wa kromiamu uliochorwa umbo la saketi, kisha lenzi hulipunguza umbo hilo, kwa kawaida mara 4, na kulitua juu ya kisahani cha silikoni. Bamba linalotumika sana ni la mraba, lenye upande wa milimita 152 na unene wa milimita 6.35. Kwa kuwa bamba moja hutumika kuchapa maelfu ya visahani, dosari moja iliyomo hujirudia katika kila kisahani. Ndiyo sababu ukarabati wake umekuwa taaluma inayojitegemea.

Makala haya yanachunguza namna taaluma hiyo inavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili. Suala hili si la mbali. Mjini Nyeri, Kenya, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayojishughulisha na nusukipitishi. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa Bariadi huzungumza Kisukuma nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Istilahi mbovu humwongezea mzigo wa nne. Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi, ambao Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) waliuwekea mwongozo, huanza na hazina ya Kiswahili chenyewe na lugha nyingine za Kibantu kabla ya kukopa ng'ambo. Hapa hazina hiyo inatafutwa mahali ambapo wanaistilahi hawapitii mara kwa mara, yaani katika chumba cha mitihani na kwenye mizani ya pamba.

2.0 Barakoa, stensili au kiolezo?

Neno linalojitokeza kwanza ni *barakoa*. Neno hili ni la zamani. Katika mwambao lilitaja kifuniko cha uso cha wanawake wa tabaka la juu, na tangu mwaka 2020 limeenea hadi vijijini kwa maana ya kifuniko cha mdomo na pua. Udhaifu wake ni kwamba linasisitiza kuficha tu, ilhali kazi ya bamba ni kuficha na kupitisha kwa pamoja. *Kinyago* kina udhaifu huohuo, na kinaongeza sanaa ya uchongaji isiyohusika.

*Stensili* inafaa zaidi. Katika shule za Tanzania, zikiwamo za Bariadi wakati wilaya hiyo ikiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga (Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012), mitihani ilikatwa kwa taipu juu ya karatasi ya nta na kurudufiwa kwa mashine. Wino ulipita palipokatwa na kuzuiwa pasipokatwa. Herufi iliyokosewa ilipakwa dawa ya kusahihishia, ikaachwa ikauke, kisha ikakatwa upya. Mwalimu aliyewahi kufanya hivyo anaelewa kiini cha ukarabati wa bamba la kromiamu bila kuhitaji somo la fizikia: nukta moja ya ziada katika 25 hufanya 2.5, nayo huonekana mbele ya kila mtahiniwa.

Hata hivyo, stensili hushindwa mbele ya teknolojia mpya zaidi, inayotumia mawimbi ya nanomita 13.5. Vitu karibu vyote hufyonza mawimbi hayo, kwatsi ikiwamo. Kwa hiyo bamba lake halipitishi bali huakisi, kwa tabaka zipatazo jozi 40 za molibdeni na silikoni. Neno linalobeba aina zote mbili ni *kiolezo*, ambalo mafundi cherehani wanalo tayari. Inapendekezwa kiolezo liwe istilahi jumuishi, na stensili ibaki kwa aina inayopitisha mwanga.

3.0 Majina ya dosari

Kuna mwelekeo wa kutumia *kasoro* na *dosari* kana kwamba ni neno moja. Lakini kasoro hubeba maana ya upungufu, kama katika *saa mbili kasoro robo*. Kromiamu iliyozidi si upungufu. Kwa hiyo *dosari* ndiyo istilahi jumuishi, na chini yake zimo aina mbili kuu: kromiamu iliyobaki mahali pa mwanga, na kromiamu iliyokosekana mahali pa giza. Lugha ya Kiingereza huita aina hii ya pili kwa kivumishi ambacho mfasiri wa haraka angekigeuza kuwa *safi*. Matokeo yake, *dosari safi*, yangekuwa kichekesho, hasa Simiyu, ambako kila mkulima anajua kuwa *pamba safi* ni daraja la kwanza.

Maneno *doa* na *tundu* yanatosha. Ni mafupi, yanazalisha vitenzi vyake bila taabu (doa hukwanguliwa, tundu huzibwa), tena hayana /r/, sauti ambayo wasemaji wengi wa Kisukuma huitamka /l/ wanapozungumza Kiswahili. Hoja hii ya mwisho si nzito, kwani hakuna anayeshindwa kuelewa *dosali*. Lakini pale ambapo maneno mawili yanalingana kwa ubora, lile linalotamkika na wengi lina haki ya kutangulia.

Aina ya tatu ndiyo yenye faida kubwa zaidi kiistilahi. Daraja la pili la pamba huitwa *pamba fifi*. Mzizi huo unafaa kutaja mahali ambapo mwanga unapita lakini umepungua nguvu: *ufifi*. Haja ya istilahi hii inaonekana mara moja katika sehemu ifuatayo.

4.0 Vitenzi vya ukarabati

Kitenzi *kutengeneza* hakifai, kwa kuwa kinamaanisha kuunda na pia kurudisha kilichoharibika. "Karakana ya kutengeneza violezo" haieleweki ni ipi kati ya hizo mbili. *Kukarabati* hakina utata huo.

Doa hukwanguliwa kwa njia kadhaa. Leza huliunguza, ila huweza kuumiza kwatsi iliyo chini. Ncha ngumu, ndogo mno, huliparua kimakanika, na hapo *kukwangua* ni kitenzi halisi wala si sitiari. Miali ya ioni za galiamu hulimega kwa usahihi zaidi, lakini baadhi ya ioni huzama ndani ya kwatsi na kuipunguzia uwezo wa kupitisha mwanga. Doa limeondoka, ufifi umebaki. Bila istilahi hiyo sentensi ingehitaji maneno kumi. Miali ya elektroni ikisaidiwa na gesi haiachi galiamu, nayo ndiyo inayopendelewa kwa violezo vya maumbo madogo sana.

Tundu huzibwa kwa *kiraka*: gesi huelekezwa mahali husika, miali huivunja, na mabaki yake, mathalani kaboni, hujishikiza na kuzuia mwanga.

Katika violezo vinavyoakisi kuna dosari iliyofukiwa chini ya tabaka zote. Hiyo haikwanguliki wala haizibiki. Mafundi hupunguza kidogo kingo za umbo lililo juu yake ili kurudisha mwanga uliopotea, na kitenzi stahiki ni *kufidia*. Au husogeza mchoro mzima kabla ya kuuchora, ili dosari iangukie chini ya sehemu ya giza, na hapo ni *kusitiri*. Kuviita vyote viwili ukarabati ni kulegeza mpaka wa istilahi, kwa kuwa dosari yenyewe imebaki palepale.

Baada ya kazi, kiolezo hupimwa kwa darubini inayoiga mwanga wa mashine ya kuchapia. Swali linaloulizwa si kama dosari ipo, bali kama itaonekana kwenye silikoni. Kiambishi cha kutendeka kinalijibu vizuri: ipo *dosari inayochapika* na *dosari isiyochapika*, na hii ya pili huachwa bila kuguswa.