Mbinu za Kusoma Ndoa katika Tamthilia ya Shakespeare

Measure for Measure ilichezwa mbele ya Mfalme James wa Uingereza Desemba 1604. Katika tamthilia hii Claudio anahukumiwa kifo kwa kumpa mimba Juliet, naye anashikilia kuwa Juliet ni mkewe. Wasomaji wengi hukimbilia kuuliza nani amezini. Anza na swali lenye manufaa zaidi: nani ana mamlaka ya kusema hawa wameoana?

1. Ijue sheria. Kwa Waingereza wa wakati huo, ridhaa ya wawili ndiyo iliyofunga ndoa. Wakiambiana "nakuoa", wameoana, hata bila padri. Wakiambiana "nitakuoa", ni wachumba. Ila wakilala pamoja baada ya hapo, uchumba umekuwa ndoa. Kanisa liliitambua ndoa ya namna hiyo, lakini liliwaadhibu waliokwepa kutangazwa na kufungishwa kanisani. Mtu aliweza kuwa mume halali na mkosaji kwa wakati mmoja.

2. Fuata mali. Kwa kila jozi, andika nani aliahidi nini na mali iko wapi. Claudio na Juliet hawajatangaza ndoa kwa sababu mali ya Juliet bado imeshikwa na jamaa zake. Angelo, kaimu mtawala anayemhukumu Claudio, alimtupa mchumba wake Mariana baada ya mali ya binti huyo kuzama baharini.

3. Pima adhabu. Mahakama za Kanisa ziliwatoza wazinzi kitubio cha hadharani, kama kusimama mbele ya waumini wakiwa wamevaa shuka jeupe. Hazikuwa na uwezo wa kuua. Hukumu ya Angelo inavuka mpaka huo. Usidhani ni ndoto ya mwandishi tu: mwaka 1650 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kifo kwa uzinzi.

4. Mchunguze msikilizaji wa siri. Mtawala Vincentio anavaa joho la utawa, anasikiliza maungamo, kisha anayatumia kutawala. Angelo anapomtaka kimwili Isabella, dada wa Claudio, ili amwachie kaka yake, ni Vincentio anayepanga Mariana aende gizani badala yake. Rudi kwenye mbinu ya kwanza: kwa tendo hilo Angelo amekuwa mume. Piga mstari kila mahali ambapo siri aliyoambiwa mtawa inageuka amri ya mtawala.

5. Usiuharakishe mwisho. Angelo anaamriwa kumwoa Mariana. Lucio, rafiki wa Claudio, anaozwa kahaba aliyezaa naye, na kwake hiyo ni adhabu. Kisha Vincentio anamposa Isabella, aliyekuwa akijiandaa kuwa mtawa, na Shakespeare hakumwandikia jibu lolote. Kama mnaigiza, kaeni na mwigizaji wa Isabella mwamue: atatoa mkono, atageuka, au atasimama tu? Msilijaze pengo hilo kwa tabasamu la mazoea. Katika sheria iliyojengwa juu ya ridhaa, hapa ndipo mwanamke anaposubiriwa kusema, na mtazamaji anastahili kuona kwamba hajasema.