Hewa Nayo Inaisukuma Dunia: Somo la Saa Nne na Saa Kumi

Wanachuo wenzangu, tukitaja kujaa na kupwa, akili inakimbilia baharini: Tanga, Pemba, ngalawa zimelala mchangani zikisubiri maji. Aliyekulia Kasokola, huku Mpanda, anaweza kuona habari hiyo haimhusu. Bahari iko mbali mno. Lakini hewa iliyo juu ya Kasokola nayo inajaa na kupwa, mara mbili kwa siku, tena kwa ratiba ambayo daladala haiiwezi. Na kuna kubwa zaidi: hewa hiyo inaisukuma dunia katika kujizungusha kwake.

Tuanze na kinachopimika. Baadhi ya simu janja zina kihisi cha mgandamizo wa hewa. Ukiwa likizo, iweke simu mezani na usiihamishe, maana kupanda mita 9 hivi tu kunashusha mgandamizo kwa hektopaskali 1. Andika namba kila saa kwa siku tatu au nne. Usishtuke kuona namba iko chini ya 900 kidogo wakati pwani ni kama 1013. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Wewe angalia namba inavyopanda na kushuka. Katika ukanda wetu wa tropiki inapanda hadi karibu saa nne asubuhi, inashuka hadi saa kumi jioni, inapanda tena hadi saa nne usiku, kisha inashuka hadi saa kumi alfajiri. Tofauti yenyewe ni hektopaskali chache tu.

Angalizo: hizo ni saa za jua, si za ukutani. Saa ya Afrika Mashariki inafuata nyuzi 45 mashariki, na Mpanda iko karibu na nyuzi 31. Kwa hiyo jua la Mpanda linachelewa karibu saa nzima nyuma ya saa ya ukutani. Kilele cha asubuhi kitegemee kuelekea saa tano.

Sasa, kinachosababisha ni nini? Baharini kazi kubwa ni ya mvuto wa mwezi. Kwenye hewa kazi kubwa ni ya joto la jua. Mvuke wa maji huku chini na ozoni kule juu vinafyonza mwanga wa jua, hewa inapata joto na kutanuka, na mawimbi makubwa yanaizunguka dunia yakifuata jua. Matokeo yake ni marundo mawili ya hewa, moja upande wa mchana na jingine upande wa usiku.

Hapa ndipo somo lilipo. Mahali penye saa nne asubuhi pako magharibi ya mahali penye adhuhuri. Ikiwa saa nne ya jua Kasokola, adhuhuri iko nyuzi 30 mashariki yetu, Bahari ya Hindi, kuipita Ushelisheli. Jua linalivuta rundo letu kuelekea huko, yaani mashariki, na mashariki ndiko dunia inakojizungushia. Rundo la upande wa usiku linavutwa kinyume, ila liko mbali zaidi na jua, kwa hiyo mvuto wake ni mdogo. Ukitoa hesabu, kinachobaki ni msukumo mdogo wa kuiharakisha dunia. Mwanafizikia William Thomson, maarufu kama Lord Kelvin, alilieleza jambo hili mwaka 1882.

Mwezi unafanya kinyume. Unaipunguza kasi dunia, na siku inarefuka kwa karibu milisekunde 2 kila miaka 100. Leo mwezi unashinda kwa mbali. Lakini je, ilikuwa hivyo siku zote?

Fikiria bembea. Ukiisukuma kwa mdundo wake, msukumo mdogo unaipeleka juu sana. Hewa ya dunia nayo ina mdundo wake wa asili, na zamani siku ilipokuwa fupi, mdundo huo uliweza kulingana na nusu ya siku. Mwaka 1987 Zahnle na Walker walipendekeza kwamba siku ilipofikia saa 21 hivi, msukumo wa hewa uliongezeka hadi ukalingana na breki ya mwezi, na siku ikaacha kurefuka. Mwaka 2023 Mitchell na Kirscher walitoa makadirio ya saa 19 hivi, kati ya miaka bilioni 2 na bilioni 1 iliyopita. Wapo waliopiga hesabu nyingine wakaona nguvu ya hewa isingetosha. Mjadala haujafungwa.

Mjadala huo unatugusa. Miamba ya kale ya eneo la Mpanda ni sehemu ya ukanda wa Ubendi, uliofinyangwa kati ya takriban miaka bilioni 2 na bilioni 1.8 iliyopita. Kama Mitchell na Kirscher wako sahihi, sehemu ya kazi hiyo ilifanyika wakati siku ina saa 19.

Jirani yetu Zuhura anaonyesha hewa nzito inaweza kufika wapi. Mgandamizo wake ni zaidi ya mara 90 ya wetu. Bila hewa hiyo, mvuto wa jua ungeifanya sayari ielekeze upande mmoja kwa jua daima. Badala yake inajizungusha kinyumenyume, mara moja kwa siku zetu 243. Gold na Soter walieleza mwaka 1969 kwamba msukumo wa hewa unapambana na mvuto wa jua kwenye ardhi ya Zuhura, na nguvu hizo mbili zikilingana ndipo mwendo huo unapatikana.

Hili linabadilisha hesabu za wanaotafuta uhai kwingine. Sayari ya mawe iliyo karibu na nyota ndogo ilidhaniwa lazima iwe na upande wa mchana wa milele na upande wa usiku wa milele. Mwaka 2015 Leconte na wenzake walionyesha kwamba hata hewa ya kiasi kama chetu inaweza kuizuia isikwame hivyo, ikapata mapambazuko na machweo.

Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini siku ina saa 24, usijibu "ndivyo ilivyoumbwa" ukaishia hapo. Sema ni matokeo ya mvutano ambao bado unaendelea, na hewa unayoivuta ni mmoja wa washiriki. Kisha toa daftari, chora grafu ya siku tatu, utafute saa nne mbili na saa kumi mbili. Ukizipata, umeona mkono unaoisukuma dunia.