Somo la Maarifa ya Nyumbani: Masanduku ya Zege ya Kupandia Uani

Wengi wetu tumesakafia nyua zetu ili kuepukana na tope la masika. Tope limekwisha, lakini mchicha na mndimu navyo vimetoweka. Katika somo hili twajifunza kutengeneza masanduku makubwa ya zege ya kupandia. Yatupasa tuanze kwa kukiri makosa yetu wenyewe.

Sanduku letu la kwanza tulilimimina Ijumaa bila waya ndani. Jumamosi tukabomoa mbao, Jumatatu tukajaza udongo. Baada ya wiki mbili upande mmoja ulipasuka, ukaanguka pale pale alipokuwa amekaa mjukuu wetu dakika chache kabla. Tulilaumu saruji. Saruji haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu.

Kwa nini waya?

Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alitafuta vyombo vya kupandia visivyooza kama mbao wala kuvunjika upesi kama vyungu. Akatia waya wa chuma ndani ya zege, na mwaka 1867 akapewa hati ya kulinda ubunifu wake. Zege hustahimili kubanwa, lakini likivutwa hupasuka. Chuma ndicho kinachostahimili kuvutwa. Udongo uliolowa husukuma kuta kwenda nje, na hapo waya huzishika. Maghorofa na madaraja ya leo hutegemea kanuni hiyo hiyo.

Vipimo

Nje: sm 60 kwa sm 60, kimo sm 50. Kuta na kitako: unene wa sm 5. Zege lake litakuwa na uzito wa kilo 160 hivi. Likijazwa udongo uliolowa hupita kilo 300. Kwa hiyo limimineni mahali litakapokaa. Saruji itakayohitajika ni nusu mfuko wa kilo 50 na ziada kidogo.

Hatua za kazi

1. Tengenezeni kalibu mbili za mbao: ya nje isiyo na kitako, na ya ndani iliyopungua kidogo kuelekea chini ili itoke kwa urahisi. Zipakeni mafuta.

2. Changanyeni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 3 za kokoto ndogo. Msitumie mchanga wa ufukweni, kwa maana chumvi yake hula waya. Maji yawe lita 1 kwa kila kilo 2 za saruji, au pungufu mchanga ukiwa umelowa. Uji mwepesi humiminika vizuri, lakini hudhoofisha zege. Vaeni glavu na viatu vya mpira, kwa kuwa saruji mbichi huunguza ngozi.

3. Tandikeni nailoni, wekeni kalibu ya nje, na simamisheni vipande vinne vya bomba ili viwe matundu ya maji. Mimineni nusu ya kitako, wekeni wavu wa waya uliokunjwa kama sanduku, kisha malizieni kitako. Tieni kalibu ya ndani, mjaze kuta huku mkishindilia kwa kijiti. Wavu ubaki katikati ya unene wa kuta.

4. Baada ya siku 2 ondoeni kalibu polepole. Funikeni kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7, mkiyamwagia maji asubuhi na jioni.

5. Watu wanne waliinue kwa mtaimbo, watie matofali chini ili maji yapite. Ngojeni mpaka siku ya 28. Lioshwe vizuri, ndipo mtie kokoto chini, na udongo wenye mboji juu.

Hatua ya nne ndiyo iliyotushinda. Watu husema zege hukauka. Sivyo. Saruji hushikamana kwa kuungana na maji. Jua likiyanyang'anya mapema, kazi husimama njiani. Kwa macho sanduku laonekana gumu, kumbe bado ni changa.

Sanduku letu la pili limepita masika matatu. Lina mndimu, na mjukuu huliegemea akisoma.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini waya uwekwe katikati ya ukuta?
2. Maji mengi wakati wa kuchanganya hudhuru. Maji mengi baada ya zege kushika hufaa. Elezeni tofauti.
3. Ni kosa gani kati ya yale yetu mawili lingeweza kufanyika nyumbani kwenu?

Vijana watakaojaribu wafanye kazi hii pamoja na mtu mzima.