Somo: Jua Linapopatwa, Linda Macho Yako
Jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na ardhi. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa lote Makka, na pia Luxor, Misri, ambako litapatwa kwa zaidi ya dakika 6. Kwetu Lamu na Mombasa litapatwa sehemu tu.

Zingatia haya:

1. Usilitazame kwa macho matupu. Jicho huungua ndani bila maumivu. Miwani ya jua ya kawaida haitoshi. Vaa ile maalumu.

2. Ukipiga picha, weka kichujio cha jua mbele ya lenzi.

3. Miwani na kichujio huondolewa pale tu jua linapofunikwa lote. Kwetu, usiviondoe kabisa.

4. Swali rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili.