Kite si Mguno: Tofauti ya Maana na Matumizi

Makala haya yanadhamiria kufafanua maana na matumizi ya nomino kite, hasa inapolinganishwa na mguno. Wanafunzi wengi hukutana na neno hili kwanza katika orodha za milio, pamoja na msonyo, mkoromo na kwikwi. Orodha hizo husaidia kumbukumbu, lakini aghalabu hazionyeshi mpaka baina ya neno na jirani yake.

Kite ni sauti imtokayo mtu anayeumia au anayejikaza. Mwanamke mwenye utungu wa uzazi hupiga kite. Kadhalika mgonjwa anayegeuzwa kitandani na mchukuzi anayeinua gunia zito. Nomino hii huandamana na kitenzi piga, kama ilivyo katika piga yowe na piga ukemi. Kitenzi kinachoikaribia kimaana ni gumia.

Mguno, kwa upande wake, umetokana na kitenzi guna. Huu pia ni sauti ya kooni isiyo na maneno, na huweza kusababishwa na maumivu. Hata hivyo, guna hubeba vilevile maana ya kutoridhika. Wazee wakiguna barazani, msikilizaji haulizi wanaumwa wapi, bali wamechukizwa na nini. Malalamiko hayo yakipata maneno, hata ya chinichini, kitenzi kifaacho ni nung'unika.

Linganisha:

(a) Mgonjwa alipiga kite alipoguswa mguu.
(b) Mgonjwa aliguna alipoguswa mguu.

Sentensi (a) yaonyesha maumivu. Sentensi (b) ina utata: huenda aliumia, huenda aliudhika. Mtunzi wa tamthilia hana budi kuchagua, kwani mwigizaji akielekezwa kuguna huenda akakunja uso tu. Akielekezwa kupiga kite atashika panapouma.

Aidha, kite huweza kumaanisha mapenzi au imani, kama katika "hana kite na nduguze". Kitenzi piga ndicho kiondoacho utata huo.

Ni bayana kwamba kutumia guna au lia kwa sauti zote hizi si kosa la sarufi, ila kunapunja maana. Maumivu ya mtu yakiitwa manung'uniko, msomaji humwona mlalamishi, naye hunyimwa huruma aliyostahili.